Lenzi Moja Tu Mambrui

Siku hizi maharusi wengi wanaonijia hapa Malindi hawataki picha za bustanini. Wanataka vilima vya mchanga vya Mambrui, ng'ambo ya Mto Sabaki, shela ikipeperushwa na kusi utadhani wako Sahara. Picha hutoka nzuri kweli. Anayeumia ni kamera.

Kanuni yangu ni moja na sibishani na mtu: lenzi haibadilishwi mchangani. Naichagua nyumbani, ndiyo ya siku nzima. Napenda milimita 35 isiyo na zumu, yaani haivuti picha karibu wala mbali, kwa sababu zumu inayorefuka huvuta hewa ndani kila ukiizungusha, na hewa ya Mambrui haiji peke yake. Ukimtaka bibi harusi karibu, tembea. Ikibidi sana kubadilisha, ingia garini, funga vioo, zima kamera, uielekeze mdomo chini.

Kifuniko changu ni kofia ya nailoni ya kuogea, zile zinazowekwa mabafuni hotelini. Lastiki yake inabana vizuri. Natoboa tundu la lenzi na kulizungushia utepe wa gundi. Maharusi hucheka. Wacheke.

Mchanga wenyewe si adui mkubwa, ukikung'uta unatoka. Lililo baya ni vumbi jekundu la Marafa, kule kwenye korongo la Nyari. Hilo huingia kwenye vitufe na pete za lenzi. Na likikutana na chumvi ya hewa yetu ya bahari, hugandamana. Kwa hiyo nasafisha usiku uleule, hata nikiwa nimechoka namna gani.

Kupuliza kwanza, kufuta baadaye. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Ukianza na kitambaa, unapiga lenzi msasa. Kipulizo changu ni kile kipira cha kuvutia kamasi za watoto wachanga, kinauzwa duka la dawa (kipya, jamani). Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Kisha brashi laini, halafu mwili wa kamera naupangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi.

Mwisho napiga picha ya anga tupu kwa f/16, yaani tundu la ndani ya lenzi likiwa dogo. Madoa meusi yakionekana, vumbi limefika kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Naweka betri iliyojaa, nafungua menyu ya kusafisha sensa, nainamisha kamera na kupuliza bila kugusa kitu. Doa likikataa, naipeleka kwa fundi Mombasa.