Makamasi ya Ndizi

Mwaka 2004, nikiwa kidato cha tano Moshi, mwalimu wa baiolojia alituambia DNA ya ndizi, yale maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kemikali ndani ya seli, inaonekana kwa macho, ukiwa na sabuni ya maji, chumvi na spiriti baridi. Likizo nikaenda nayo spiriti kwa Bibi, Kibosho. Nikaipoza kwenye friji la duka la jirani, katikati ya soda.

Siku ya kwanza niliponda mshare mbichi za mtori. Nikaambulia uji wa kijivu.

"Umeniharibia mtori," Bibi akasema, "na huo uji hata ng'ombe hali."

Kesho yake akanipa kisukari zilizoiva. Nikaziponda na maji ya chumvi na sabuni, nikachuja kwa kichujio cha chai, nikamimina spiriti taratibu ubavuni mwa glasi ili ielee juu. Tukangoja. Vikaanza kupanda viputo vidogo, vikivuta utando mweupe. Nikauzungushia kwenye kijiti, ukavutika.

"Makamasi!" Bibi akasema.

Hakuwa mbali. Friedrich Miescher, Mswisi aliyeivumbua DNA mwaka 1869 huko Tübingen, Ujerumani, aliitoa kwenye usaha wa bandeji za wagonjwa, katika maabara iliyowahi kuwa jiko la kasri. Shuleni tuliimbishwa Watson na Crick, walioeleza umbo la DNA mwaka 1953, basi. Rosalind Franklin, ambaye picha za eksirei za maabara yake ziliwapa njia, nilimsikia nikiwa mtu mzima, na bado naudhika.

Bibi akakigeuza kijiti kwenye mwanga wa mlango. "Na mdogo wako anayo?"

Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikamweleza Bibi kwamba kwenye jeni ya hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, herufi moja tu imekosewa, pa A pamekaa T.

"Herufi moja? Si waifute!"

Nilicheka sana.

Novemba 2023, Bibi akiwa ameshatangulia, Uingereza ikaidhinisha tiba ya selimundu inayotumia CRISPR, mkasi wa kukata DNA. Herufi ile hawaifuti. Wanatoa seli za mgonjwa, wanakata mahali pengine kwenye DNA, kisha wanamrudishia, ili mwili uanze tena kutengeneza hemoglobini ya mtoto wa tumboni. Mwezi uliofuata nikampigia mdogo wangu nikamsomea habari yote.

"Bei gani, dada?"

"Marekani wameiweka dola milioni 2.2."

Akanyamaza kidogo. "Kile kihamba cha Bibi," akasema, "kina migomba mingapi?"