Vidonda vya tumbo: sukralfeti ilinitaka nipange upya saa za kula

Kilichonipeleka hospitali ni maumivu ya chembe ya moyo yaliyokuwa yakiniamsha usiku wa manane. Nikila kipande cha mkate yanatulia, baada ya muda yanarudi. Kipimo cha kamera kikaonyesha kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo, pale chakula kinapotoka tumboni. Kipimo cha pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, hakikuona kitu. Daktari akaniuliza natumia dawa gani za maumivu. Diklofenaki, nikamjibu, kwa ajili ya mgongo, maana kazi yangu ni cherehani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Dawa hiyo nayo huweza kuleta vidonda, hivyo akanisimamisha papo hapo na kuniandikia sukralfeti: gramu moja mara nne kwa siku, kwa muda wa hadi wiki nane.

Mfamasia ndiye aliyenieleza inavyofanya kazi, na namshukuru mno. Sukralfeti haizuii tumbo kutengeneza asidi kama inavyofanya omeprazoli. Ikikutana na asidi hugeuka ute mzito unaonata, na hunata zaidi penye kidonda kwa sababu hapo kuna protini zinazovuja. Ikishakifunika, asidi haikichomi tena na nyama inapata nafasi ya kuota. Ndiyo maana inataka tumbo tupu. Ukiimeza pamoja na chakula, inaishia kunata kwenye chakula chenyewe.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kuliko hata ladha yake. Kidonge ni kikubwa, kinakwama kooni, kwa hiyo nilikuwa nakiweka kwenye kikombe chenye maji kidogo, nakiacha kilegee mpaka kiwe tope jeupe, nakoroga na kunywa. Kinaacha kitu kama chaki ulimini. Dozi ya kwanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, chai saa moja kasoro. Ya pili saa sita, chakula saa saba. Ya tatu saa moja jioni, halafu saa mbili tunakula. Ya mwisho wakati wa kulala, na baada ya chakula cha usiku sikutia kitu kingine mdomoni. Kwetu sokoni mama lishe hupitisha vitumbua na maandazi muda wote, na mteja akija na soda ni vigumu kumkatalia. Nilimwambia mama lishe wazi kwamba natumia dawa, akawa ananihifadhia changu mpaka muda wangu ufike. Bila yeye sidhani kama ningeufuata ule mpangilio.

Maumivu ya usiku ndiyo yaliyotangulia kupungua. Kilichonisumbua ni choo kigumu, ambacho ni kawaida kwa dawa hii. Papai, mchicha na maji mengi vilinisaidia. Katikati ya matibabu nikapata U.T.I., na daktari hakutaka kunipa sipro, dawa ya kuua bakteria, kwa kuwa sukralfeti huishika tumboni isiingie vizuri mwilini. Akanipa dawa nyingine. Kwa hiyo ukienda kwa tatizo lolote, mtajie anayekuhudumia kwamba unatumia sukralfeti. Na ukiona choo cheusi cha kunata kama lami, au ukatapika damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje dozi ifanye kazi.

Kwa mgongo sasa natumia parasetamoli, na nimebadilisha kiti cha kushonea. Vidonge vichache vilibaki, na jirani yangu mwenye ugonjwa wa figo akaja kuviomba kwa kuwa naye analalamika tumbo. Nilikataa kumpa. Sukralfeti ina alumini ndani yake, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa yote, inajikusanya mwilini. Alinuna kidogo, lakini nilimsindikiza kliniki kesho yake, akapimwe chake mwenyewe.