CD ya Bi Mdogo

Baba mdogo alikuwa fundi wa injini za treni, na muziki wake aliutoa Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, reli ilipokuwa bado ya Afrika Mashariki nzima, alipelekwa huko kusomea ufundi, akarudi Tabora na cheti, suruali za bugaluu na santuri za Led Zeppelin, bendi ya roki ya Waingereza. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, suruali zikaisha, santuri zikabaki. Mimi nimezaliwa nikazikuta kabatini, zimesimamishwa nyuma ya birika la wageni, na kila mtoto wa nyumba ile alijua kwamba birika ukilivunja utasamehewa.

Tabora ni mji wa dansi. Wazee wa Ng'ambo na Isevya wamekua na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe, kwa hiyo mtu anayejifungia chumbani na magitaa ya Waingereza alionekana ana kitu kichwani. Mwenzake katika kitu hicho alikuwa mmoja tu, mwalimu wa Kemia, mdogo wake kwa miaka mingi, aliyeambukizwa ugonjwa huo akiwa mwanafunzi, kwa kaseti alizoachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza. Jumapili walikaa pamoja barazani. Wa tatu alikuwa jirani, dereva wa malori mstaafu, mtu wa bendi za dansi za Dar, Msondo na Sikinde, ambaye roki haikumhusu hata kidogo. Alifuata kahawa, na hakuna mada iliyowahi kumkosesha la kusema.

Julai 2009 nilikuja likizo kutoka chuo, Dar es Salaam. Begini nilikuwa na CD niliyochomewa na mwanafunzi mwenzangu: Raising Sand, ya Robert Plant, yuleyule mwimbaji wa Led Zeppelin, safari hii akiimba na Alison Krauss, mwanamke wa Kimarekani anayepiga fidla na kuimba nyimbo za asili ya vijijini kwao. Albamu ilitoka Oktoba 2007, na Februari ya mwaka ule wa 2009 ilikuwa imezoa tuzo tano za Grammy, ikiwamo ya albamu bora ya mwaka. Led Zeppelin yenyewe ilipokuwa hai haikushinda hata moja. Nilidhani nimebeba habari njema.

Mwalimu aliipokea ile CD kwa ncha za vidole. Alikuwa ameshasikia habari zake na alikuwa na kesi na Plant. Tarehe 10 Desemba 2007 Led Zeppelin walikuwa wamepanda jukwaani London usiku mmoja tu, kumkumbuka Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya santuri ya Atlantic Records, na mtoto wa marehemu John Bonham, Jason, ndiye aliyekaa kwenye ngoma za baba yake. Walioomba tiketi walihesabiwa kwa mamilioni. Dunia nzima ikangoja watangaze ziara, na Jimmy Page, mpiga gitaa wao, alikuwa tayari. Plant yeye mwaka 2008 akaenda kuzunguka na Krauss, na Septemba akatoa taarifa kwamba asihesabiwe katika ziara yoyote ya Led Zeppelin.

"Kwa hiyo," akasema dereva, akijimiminia kahawa, "haya ni mambo ya bi mdogo."

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu hakucheka. Jina likashika palepale: mpaka leo nyumbani kwetu ile ni CD ya bi mdogo.

Tukaiweka. Mama mdogo alikuwa ametuletea matobolwa na karanga, na mwanzoni kilichosikika zaidi ni karanga kumenywa, maana muziki wenyewe ulikuwa wa chini sana. Sisi tuliokua na santuri za kabatini tulimjua Plant wa ukelele, sauti inayopanda hadi bati linatetema. Huyu wa sasa aliimba karibu na kunong'ona, na mwanamke alikuwa juu yake kidogo, wamebanana kiasi kwamba mahali pengine hujui nani ni nani. Wimbo wa tatu haujaisha, Mwalimu alikuwa ameshatoa hukumu.

"Pumzi imeisha. Anajificha nyuma ya huyu dada."

"Ana miaka mingapi?" akauliza baba mdogo.

Nikamwambia anakaribia sitini na moja.

"Mimi wamenistaafisha nikiwa na sitini. Wewe Mwalimu unataka apige kelele mpaka lini?"

Mwalimu akasema hadai kelele, anadai uaminifu. Mtu umejengewa jina na watu, waliouza hata baiskeli zao kununua santuri zako (sijui hao ni akina nani, Tabora hatukuwajua), halafu unawaacha jukwaani wakikungoja, unakwenda kuimba nyimbo za wachunga ng'ombe. Hapo dereva akapata njia. Akamkumbusha mwimbaji Muhiddin Gurumo: mwaka 1978 aliwaacha Juwata, ndio Msondo, akaenda Mlimani Park, ndio Sikinde, mwaka 1985 akawaacha Mlimani Park akaenda Safari Sound, kisha akarudi zake Msondo. "Na sisi tulimfuata kote. Tulinung'unika, tukalipa kiingilio."

"Gurumo alihama bendi, hakuhama dansi," Mwalimu akajibu. "Mtafute Cosmas Chidumule, aliyetoka Sikinde akaingia kwenye Injili. Ulimfuata?"

Dereva akakiri kwamba hapana, yeye ni Mwislamu. Tukacheka wote, hata Mwalimu. Lakini nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba hoja ya Mwalimu pale ilikuwa na uzito. Kumfuata mwanamuziki anayebadili jezi ni rahisi. Kazi ni akibadili mchezo.

Nikajaribu kumtetea Plant kwa upande mwingine: kwamba mtu huyu hajawahi kukaa mahali pamoja, kwamba Januari 2003 alikwenda kuimba Essakane, jangwani Mali, kwenye tamasha moja na wanamuziki wa hukohuko, Tinariwen na Ali Farka Touré. Dereva akasikiliza kwa makini, akasema, "Basi huyo hatulii, bi mdogo naye ajiandae."

Wakati huo wote baba mdogo alikuwa ameacha kutusikiliza. Sikio lake la kushoto lilikufa kazini, kwenye karakana, kwa hiyo alikuwa na namna yake: aliburuta kigoda hadi kwenye spika, akainamisha sikio la kulia, kiganja akakibandika kwenye ubao wa boksi. Alikuwa anatafuta ngoma. Tangu zamani kwake Led Zeppelin ilikuwa ni Bonham kwanza, wengine baadaye. Habari za kifo chake mwaka 1980 zilimfikia kwa kuchelewa, kwa barua ya rafiki aliyebaki Nairobi, na mama mdogo husema siku ile hakula.

"Nani huyu anapiga?"

Jay Bellerose, nikasoma kwenye karatasi niliyochapisha.

"Hagongi huyu. Anasukuma." Akanyamaza, kiganja bado kwenye ubao. "Rudisha huo."

Nikarudisha. Akataka tena. Ulikuwa wimbo wa taratibu unaomsihi mtu aisome barua iliyoachwa mlangoni, na Mwalimu akauchagua huohuo kuwa ushahidi wake: sikieni, alisema, huu hata si wake, ni wa huyo dada, amepewa akariri. Nikaangalia karatasi yangu. Wimbo ule Plant aliutunga na Page mwenyewe, wakaurekodi kwenye albamu yao ya 1998.

Nikamsomea. Mwalimu akachukua karatasi, akasoma mwenyewe, akairudisha.

"Basi ameuharibu," akasema, akaaga.

Jumapili iliyofuata alikuja kama kawaida. CD ilibaki kwa baba mdogo, na nilipopiga simu kutoka Dar mama mdogo alilalamika kwamba sasa mzee hukaa na kigoda chake usiku, na huo muziki hausikiki wala haunyamazi.

Lile onyesho la London lilitolewa kwenye DVD mwishoni mwa mwaka 2012, nikalipata, nikaja nalo likizo iliyofuata. Mwalimu alivaa shati la pasi. Alitazama nusu ya kwanza amesimama, mikono kiunoni, akitutajia kila wimbo kabla haujaanza. Baba mdogo alimkodolea macho Jason Bonham muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akatugeukia.

"Mbona yule dada wa fidla hayumo?"

"Mzee," Mwalimu akasema, "hii ni Desemba 2007. Hii ni kabla."

"Kabla ya wapi?" Dereva akaweka kikombe chini. "CD si ilitoka Oktoba? Bi mdogo alishaingia ndani, huyo hapo kaja kumuaga bi mkubwa."