Jinsi nilivyopata joto kwenye karakana ya gereji wakati wa baridi

Hatimaye gereji inakalika. Naandika ili mwingine asihangaike.

Hita ya umeme ya wati 1500 ilikuwa inawaka muda wote, lakini vidole vilikufa ganzi na gundi ya mbao ilikauka ikawa nyeupe kama chaki, haishiki. Nikajaribu hita ya gesi. Joto lilikuja upesi, ila patasi zikaanza kushika kutu: kila kilo ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na katika chumba kilichofungwa kuna hatari ya kaboni monoksidi. Nikaiondoa. Hita ya pili ya umeme ilifanya swichi ya usalama ya umeme ijizime tu.

Kilichofaa ni kuziba kwanza. Nilitoa nje petroli na rangi, nikawasha mshumaa, nikaupitisha polepole kandokando ya mlango mkubwa. Mwali ulilala kabisa kwenye pembe mbili za chini! Mpira wa mlango ulikuwa unaishia kabla ya kugusa fremu, ukiacha upenyo wa kidole. Nikafunga mpira mrefu zaidi, ncha zake zikajikunja na kubana fremu pande zote mbili. Hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Baadaye nikabandika mabamba ya povu gumu la kuzuia baridi upande wa ndani wa mlango. Yanaongeza uzito, kwa hiyo mwite fundi arekebishe springi. Zimevutwa kwa nguvu kubwa, usiziguse mwenyewe.

Hita ni ileile ya wati 1500, na sasa inajizima yenyewe kila baada ya muda.