Nilivyoibia kwenye kipimo cha masikio

Mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo sikulifanya tangu darasa la nne: niliibia kwenye mtihani. Nina miaka 63. Mtihani wenyewe ulikuwa wa masikio.

Wanakuingiza kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, wanakuvisha vile vya kusikilizia, wanakupa kitufe. Ukisikia mlio, hata uwe hafifu namna gani, bonyeza. Mbele yako kuna kioo, na nyuma ya kioo kijana mpimaji na mashine yake. Milio minene niliipata yote. Ilipoanza kupanda kuelekea ile myembamba kama ya mbu, kukawa kimya. Nikakaa na kitufe changu kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita. Ndipo nikagundua kwamba kila mara kijana anapotuma mlio, kiwiko chake cha kulia kinasogea kidogo. Nikaacha kusikiliza, nikawa natazama kiwiko.

Kwa dakika mbili hivi nilifaulu kupita kiasi. Kisha mlango ukafunguliwa. "Mama, umebonyeza mara tatu sijatuma kitu. Nilikuwa najikuna tu."

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Aliniomba nigeuze kiti nitazame ukuta, tukaanza upya.

Tangu siku ile najiuliza nilikuwa namdanganya nani. Aliyekuwa na shida ya masikio ni mimi, aliyekwenda kwa miguu yake kutafuta msaada ni mimi. Isitoshe, kazi yangu ni kusoma prufu, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapwa: miaka 35 nimelipwa kukamata makosa ya watu wengine. Na bado, ndani ya kile kijichumba, nilichotaka ni kijana yule aseme, "Ah, masikio yako ni ya msichana." Kusikia kwenyewe sikukujali hata kidogo.

Matokeo hutoka kwenye chati. Sikio la kulia ni viduara vyekundu, la kushoto ni misalaba ya bluu. Sauti nene zinaanzia kushoto, hezi 250 (yaani mitetemo 250 kwa sekunde), nyembamba ziko kulia, mpaka 8,000, na kadiri usivyosikia ndivyo alama inavyoshuka. Yangu inatembea vizuri mpaka katikati, halafu inaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Kijana akanieleza kwamba ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo mno. Zile za mlangoni, zinazopokea sauti nyembamba, ndizo huchakaa kwanza, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa hiyo irabu zote ninazo. Zinazonitoroka ni s, f, sh, th. Mtu akisema "safari" napata a, a, i, na kilichobaki nakisia. Huenda kasema "fahari." Mara nyingi nakisia sawasawa, na ndiyo maana nilichelewa kugundua.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja.

Nilipoanza kazi, nikiwa na miaka 28, prufu zilisomwa na watu wawili. Mmoja anasoma mswada kwa sauti, koma na nukta anazitamka, mwingine anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu mkononi. Mwenzangu alikuwa mwanamume wa miaka 58. Nilimwita babu. (Miaka 58! Leo ningemwita mdogo wangu.) Alikuwa akiniomba nirudie, nami nikawa nampazia sauti, polepole, neno moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu vidole. Siku moja akaweka kalamu chini akasema, "Binti, unanipigia kelele za a-e-i-o-u. Hizo ninazo za kutosha. Nipe s."

Nilidhani ni ukali wa uzee. Nikaenda kuwasimulia wenzangu, tukacheka.

Alikuwa sahihi, tena kisayansi kabisa. Ukipaza sauti unaziongezea nguvu irabu, ambazo hazikuwa na tatizo, na konsonanti zinazidi kufunikwa. Kinachosaidia ni kumtazama mtu usoni, kutamka wazi na kupunguza kelele za pembeni. Ilinichukua miaka 35 na chati yenye misalaba ya bluu kuielewa sentensi moja ya yule mzee. Hata hilo la kupiga kelele si baya kama lililofuata: nikawa napitia kurasa zake kwa siri, nikizisahihisha "kumsaidia." Wiki ya pili akanirudishia bunda lote. Hakugomba. Alisema tu kwamba kwenye ukurasa wa 41 nimefuta koma iliyokuwa mahali pake, na kwamba makosa mawili ya kweli nimeyaruka. Nilikuwa nimesoma kurasa zake nikiitafuta miaka yake, si makosa ya chapa.

Nirudi kwenye kipimo. Tulipotoka kwa kijana tukaingia kwa daktari, mimi na binti yangu aliyekuja kunisindikiza. Daktari akaitazama chati, akamgeukia binti yangu: "Analala vizuri? Anatumia dawa gani? Anaishi na nani?" Mimi nimekaa katikati yao, mkoba mapajani, nimekuwa habari ya nafsi ya tatu. Binti yangu akasema, "Mama huyo hapo, muulize." Daktari akatabasamu, akaniinamia, akapaza sauti: "BIBI YETU, UNALALA?"

Irabu nilizisikia zote.

Sijui kama angeamini kwamba wenzake walikwisha kusemwa kwa jambo hilo zamani. Neno la Kiingereza la ubaguzi wa umri lilibuniwa na daktari, Robert Butler, huko Marekani mwaka 1969. Wakazi wa kitongoji kimoja karibu na Washington walikuwa wanapinga jengo fulani kugeuzwa makazi ya wazee wa kipato cha chini, naye akaona kwamba chuki ile ni ndugu wa ubaguzi wa rangi, ila haina jina. Akaipa. Alikuwa na miaka 42. Tangu akiwa mwanafunzi wa udaktari alikuwa ameudhiwa na namna walimu wake walivyowazungumzia wagonjwa wazee. Ninachokipenda kwake ni kwamba hakungoja yamfike.

Sisi kwa Kiswahili tunasema "ubaguzi wa umri," maneno matatu, ya kiofisi kidogo. Lakini dharau yenyewe haihitaji hata neno zima, kiambishi kinatosha. Mzee ni heshima. Mvue m-, umvike ki-, amekuwa kizee, amehamia upande wa viti na vijiko. Kikongwe yeye amezaliwa huko huko. Tena mwanamume akipata cheo huitwa mzee akiwa na miaka 38 na anafurahi, kwake uzee ni nishani. Sisi wanawake tunangojewa na "ajuza," neno ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa kwa upole. Hata sifa zetu zina kasoro. Nikikamata kosa ambalo vijana wamelipita, wananiambia jungu kuu halikosi ukoko. Asanteni, lakini ukoko ni kile kilichoungua kikagandia chini.

Binti yangu, kwa nia njema, alinitumia habari za utafiti wa Becca Levy, mtafiti wa Marekani, na wenzake uliotoka mwaka 2002. Walifuatilia watu 660 wa mji mmoja mdogo wa Ohio, wote wa miaka 50 na kuendelea, na wale waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya wenzao. Waliangalia na tofauti za afya, kipato na upweke, na pengo bado lilikuwepo. Sibishani na hesabu zao. Ila nilipomaliza kusoma nilihisi nimeongezewa kazi: kumbe hata kununa kwangu kunanipunguzia siku! Mtu anayeambiwa BIBI YETU, UNALALA, aulizwe pia jicho jema amelipeleka wapi?

Ila kuna kitu walichokigusa. Nikisahau nywila nasema "uzee huu." Kijana wa dawati la jirani alisahau ya kwake mara mbili wiki iliyopita, akasema mfumo ni mbovu. Hakuna aliyenilazimisha kusema vile, naisema kabla hawajaisema wao, kama anayejipiga kofi mwenyewe ili liume kidogo.

Vifaa vya kusikia nilivipata siku kumi baadaye, viwili, kila kimoja kinakaa nyuma ya sikio. Kijana yule yule alivirekebisha, akaniambia nitembee chumbani. Nguo zangu zinaongea. Sketi ikigusa soksi inasema s, s, s. Nikafunua daftari lake nikasikia karatasi ikitengana na mwenzake, sauti ya kazi yangu ya maisha yote, na sikujua hata lini niliipoteza. Nikafunua tena na tena, mpaka akaniuliza kama kuna kurasa ninayoitafuta. Nikamwambia ni ukurasa, si kurasa. Mazoea.

Ofisini nilivivaa chini ya mtandio. Jumatatu, na Jumanne pia. Alhamisi kulikuwa na joto nikauvua, na yule wa nywila akauliza kama ninasikilizia muziki. Nikasema ndiyo.

Miadi ya kupimwa tena ni baada ya miezi sita. Safari hii nitakigeuza kiti mwenyewe.