Mnaoiita Srirampur kijiji, hebu nisikilizeni

Jumapili iliyopita tulipigiana simu ya pamoja sisi Watanzania tunaosoma India. Ndugu yetu mmoja wa Delhi akaniuliza mbele ya watu: "Bado umejichimbia kule kijijini?" Wakacheka. Mimi nikanyamaza, ila usiku usingizi haukuja. Mimi mtu wa Tanga. Nimekua nikisikia watu wa Dar wakiusema mji wangu hivyohivyo, na sijawahi kulizoea jambo hilo.

Srirampur, mji ninaoishi huku Bengal, mashariki mwa India, iko kilomita kama 20 kutoka Howrah, stesheni kubwa iliyo ng'ambo ya mto ukitoka Kolkata, ukingo wa magharibi wa mto Hooghly. Asubuhi treni zinawabeba watu kwenda kazini Kolkata, jioni zinawarudisha wamebanana kama tulivyokuwa tukibanana kwenye daladala. Kwa hiyo kweli ni mji wa pembeni. Lakini kijiji?

Mwaka 1755 Wadenmark walifungua hapa kituo cha biashara, wakakiita Frederiksnagore kwa jina la mfalme wao, Frederick wa Tano. Walikaa miaka 90. Mwaka 1845 wakaiuzia kampuni ya Kiingereza ya East India, pamoja na Tranquebar, kituo chao kingine kusini mwa India, kwa rupia 1,250,000. Kila nikipita mbele ya kanisa la Mtakatifu Olav, lililokamilika 1806 na kukarabatiwa vizuri miaka ya karibuni, naikumbuka biashara hiyo. Watu walihamishwa kutoka mfalme huyu kwenda kwa wakubwa wengine na hakuna aliyewauliza. Mtu wa pwani yetu haelezwi hayo mara mbili: mwaka 1890 Mjerumani alimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4, nasi tukawa mali yake.

Anayemjua mmishenari Krapf wa Rabai atamwelewa haraka William Carey, mmishenari wa Kiingereza. Kampuni ya Kiingereza haikutaka wamishenari katika maeneo yake, basi Carey, Marshman na Ward wakajihifadhi hapa chini ya bendera ya Denmark. Mwaka 1800 wakaanzisha kiwanda cha uchapaji. Aliyewachongea herufi za Kibengali alikuwa mhunzi wa hapahapa Bengal, Panchanan Karmakar, na mimi naona jina lake lingepaswa kutajwa kila linapotajwa la Carey. Mwaka 1818 likatoka gazeti la Kibengali, Samachar Darpan, na mwaka huohuo kikaanzishwa chuo ambacho mpaka leo kinasimama kikiutazama mto. Na mtaa wa Mahesh unavuta gari la Jagannath, mungu wa Wahindu, kila mwaka kwa desturi inayosemwa ilianza 1396. Vasco da Gama alikuwa bado hajaiona Malindi.

Sasa niseme na machungu yangu, msidhani nimelipwa kusifia. Nilipofika nilizungushwa na dalali wiki tatu. Kwenye simu nyumba ipo. Mwenye nyumba akiniona mlangoni, nyumba imeshachukuliwa. Mmoja hakujisumbua hata kudanganya, alimwambia dalali kwa Kihindi kwamba watu weusi hataki, akidhani sielewi. Hata hivyo dalali alitaka pesa yake ya mwezi mzima. Niliwahi kukaa kwenye ngazi za gati na begi langu nikafikiria kurudi nyumbani moja kwa moja.

Kwa hiyo wewe unayeniandikia kila siku "kaka, nifanyie mpango", sikia. Viza ya masomo hairuhusu kazi, usije na hesabu za kujilipia ada ukiwa huku. Kama viza yako inazidi siku 180, una siku 14 tu za kujiandikisha kama mgeni. Mwenye nyumba naye ana fomu yake ya kukutolea taarifa, na wengi wanaikwepa fomu hiyo kwa kukukwepa wewe. Njoo na kodi ya miezi kadhaa mkononi.

Aliyenipokea ni mzee mstaafu wa kiwanda cha juti, nyuzi za kushonea magunia. Namwita Kaku, baba mdogo kwa lugha yao, na mkewe Kakima. (Dukani wananiita "dada", na kwao dada ni kaka mkubwa. Siku ya kwanza niligeuka nyuma kutafuta ni mwanamke gani anaitwa.) Nilipougua homa mwezi wa tisa, Kaku alinishika mkono mpaka kwenye kipimo cha damu, na Kakima siku sita alinipandishia ngazi wali laini na mchuzi wa samaki. Wabengali ni watu wa wali na samaki, na mto wao unajaa na kupwa kama bahari. Hapo ndipo niliacha kujiona mgeni.

Kando ya mto huu ndiyo nchi ya gunia. Neno lenyewe asili yake India. Kiwanda cha kwanza cha juti India kilifunguliwa Rishra, mji wa jirani, mwaka 1855. Leo vingine vimefungwa, kuta zimeota miti, na wazee wanakaa ghatini, ndiyo gati lao, wakizungumzia ving'ora vya zamu. Mwanatanga hawezi kuyatazama hayo bila kuyaona mashamba ya mkonge ya kwetu na mabohari matupu.

Mwezi uliopita mama alimpa mtu aniletee kipande cha kamba ya katani. Nikampelekea Kaku. Aliivuta, akaifumua ncha, akazisugua nyuzi kwa kidole gumba, akainusa. Akauliza inalowekwa siku ngapi. Nikamwambia hailowekwi kama juti, jani linakwanguliwa kwa mashine likiwa bichi, nyuzi zinaanikwa juani. Akamwita Kakima atoke jikoni aje kuona.