Nilivyopima mvutano wa mitungi ya maji kule Maseno

Kila niliyemwambia kwamba nataka kupima mvutano, ile nguvu inayofanya kila kitu kivute kingine, kati ya vitu viwili vya kawaida, si kati ya dunia na jiwe, alinishauri niachane na jambo hilo. Mhadhiri mmoja niliyemwendea kwa heshima zote alinijibu kwa sentensi moja: bila chumba kilichonyonywa hewa na vyombo vya kuagizwa ng'ambo, usijisumbue. Mwenzangu wa chumba cha walimu akasema pendulamu, kizito kinachobembea kwenye uzi, yatosha, kwani mtihani hauulizi zaidi ya hapo. Sasa nimepima, hapa hapa Kaunti ya Kisumu, kwa mitungi ya maji ya lita ishirini, na gharama yote haikufika elfu tatu ukiacha nauli. Naandika kwa sababu najua kuna mwalimu mahali fulani ambaye naye ameambiwa asijisumbue.

Pendulamu ni chombo kizuri, siidharau. Hapa kwetu karibu na ikweta inakuonyesha kwamba kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa mita 9.78 hivi kwa sekunde kila sekunde, si ile 10 ya kwenye karatasi za mtihani. Lakini pendulamu inapima mvuto wa dunia nzima kwa mkupuo. Haikuonyeshi kwamba mtungi unavuta risasi, ile metali nzito, na risasi inavuta mtungi, na wewe uliyekaa hapo unavivuta vyote viwili. Hilo ndilo Newton alilodai, na hilo ndilo nililotaka wanafunzi wangu walione kwa macho.

Ugumu wake ni kwamba mvutano ni nguvu dhaifu mno. Chukua elektroni moja na protoni moja, chembe za ndani ya atomu: umeme unazivuta zikaribiane kwa nguvu inayoushinda mvutano wao mara zaidi ya 1 ikifuatwa na sufuri 39. Kwa hiyo anayepima mvutano hapambani na mvutano wenyewe. Anapambana na umeme, sumaku na joto, ambavyo vyote vinapiga kelele chumbani huku yeye akijaribu kusikia mnong'ono. Kwa muda mrefu nilifundisha sumakuumeme na mvutano kama mada mbili zisizojuana. Kazi hii ndiyo iliyonionyesha kuwa huwezi kuugusa mmoja bila kuujua mwingine.

Ndiyo maana nampenda Henry Cavendish kuliko wanafizikia wote. Alizaliwa Nice mwaka 1731, akafa London mwaka 1810, tajiri mkubwa, mwenye haya kiasi kwamba inasimuliwa aliagiza chakula chake kwa vikaratasi ili asizungumze na watumishi. Watu humkumbuka kwa kupima msongamano wa dunia, yaani uzito wake kwa kulinganisha na ujazo wake, mwaka 1798. Wachache wanajua kwamba zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo alikuwa mtu wa umeme. Alionyesha kwa majaribio kuwa nguvu ya umeme hupungua kwa mraba wa umbali, kabla ya mwanafizikia Mfaransa Coulomb kuitangaza mwaka 1785, kisha akayaacha maandishi yake bila kuyachapisha. Mwanafizikia James Clerk Maxwell ndiye aliyeyatoa hadharani mwaka 1879. Sasa fikiria: mtu aliyekwisha kuujua umeme kwa undani namna hiyo, akija kupima mvutano, anajua adui wake anaingilia mlango gani. Katika jaribio lake, alipohofia kwamba fito za chuma zilizobeba risasi kubwa zinaleta usumaku, aliziondoa akaweka za shaba. Akajaribu hata kuweka sumaku mahali pa risasi aone zinafanya nini. Mizani yenyewe ilibuniwa na John Michell, ambaye alifariki mwaka 1793 kabla ya kuitumia.

Mizani hiyo, mizani ya msokoto, ni kijiti kinachoning'inia katikati kwa uzi mwembamba, na kila ncha ina kizito kidogo. Ukileta kitu kizito karibu na ncha, kijiti kinageuka kidogo sana na uzi unajisokota. Kijiti changu kilikuwa cha sentimita thelathini. Vizito vyangu vilikuwa chubwi, zile risasi za kuzamisha nyavu, nilizozipata kwa wavuvi wa Dunga. Nilichagua mbili zinazolingana, gramu hamsini kila moja.

Hapo ndipo ushauri mbaya ulipoanza kumiminika. Mwenzangu mmoja alisisitiza nitumie vipande vya chuma kwa kuwa vinapatikana bure kwenye karakana za jua kali. Nilimwonyesha mbele ya darasa. Tulining'iniza kijiti chenye chuma, tukasubiri kitulie, halafu nikaligeuza sanduku lote robo duara. Kijiti kikarudi kutazama kule kule kilikokuwa kikitazama. Chuma kile kilikuwa na usumaku, na kilikuwa kinaifuata sumaku ya dunia kama sindano ya dira. Ungeweza kukaa nacho mwaka mzima ukipima kaskazini na kuiita mvutano.

Wa pili akaniambia uzi uwe wa nailoni, mshipi wa kuvulia. Nailoni hunyonya unyevu wa hewa na kulegea, na hewa ya ziwani inabadilika asubuhi na jioni. Uzi niliotumia ni waya wa shaba kutoka kwenye transfoma ya redio iliyoungua, unene wake umezidi kidogo sehemu ya kumi ya milimita. Fundi redio alinipa bure alipojua nautakia nini. Shaba mpya nayo inajivuta polepole ikibeba mzigo, kwa hiyo niliuacha waya uning'inie na kizito kilichozidi kidogo kile cha kazi, hadi ukachoka kurefuka. Usiruke hatua hiyo.

Lakini ushauri ulionitesa kuliko wote ni wa sanduku. Fundi wa vioo aliniambia nifunike mizani kwa plastiki ngumu inayoonyesha ndani, ni nyepesi na haivunjiki. Ilikuwa nzuri kuitazama. Nilikuwa nimebandika kipande cha kioo cha kujitazamia katikati ya kijiti, na kalamu ya leza ikimulika juu yake, ili nukta nyekundu iangukie ukuta wa mbali na kukuza kila mgeuko. Nukta ilikuwa imetulia. Nikaona vumbi kwenye plastiki, nikalipangusa kwa kitambaa kikavu. Nukta iliruka ukutani, ikapita kona, ikapotea. Nilipochungulia ndani, chubwi moja ilikuwa imejibandika kwenye plastiki na haikutaka kuachia. Mpanguso mmoja wa kitambaa ulizaa umemetuli, umeme unaokaa juu ya kitu kilichosuguliwa, wenye nguvu kuliko mvutano wote niliokuwa nautafuta, maelfu ya mara. Nilichukua muda kuitazama ile chubwi, na kusema kweli nilifurahi, kwa maana hakuna kitabu kilichowahi kunieleza tofauti ya nguvu hizo mbili waziwazi hivyo.

Plastiki nikaitupa. Sanduku likawa la mbao, limefunikwa kila upande kwa karatasi ya foili ya jikoni, na dirisha dogo la kioo cha kawaida kwa ajili ya leza. Foili nikaiunganisha kwa waya na kipande cha bomba la shaba nilichokipigilia ardhini nje ya nyumba na kukimwagia maji. Chaji yoyote ikijitokeza inapita kwenye foili kwenda ardhini, haikifikii kijiti ndani. Ziba pia kila mwanya kwa selotepu. Buibui mdogo aliwahi kutandaza uzi mmoja tu kutoka kijiti hadi ukuta wa sanduku, na uzi huo ulitosha kukifunga.

Joto ndilo lililonitoa mjini. Chumba changu kina paa la mabati bila dari. Jua likichomoza hewa ndani ya sanduku inaanza kuzunguka na kukipeleka kijiti inakotaka. Na bodaboda hazilali. Nikahamia kwa mjomba, ng'ambo ya Maseno, katika nyumba ya udongo yenye kuta nene, mbali na barabara ya Busia. Udongo haupati joto haraka wala haupoi haraka. Mhadhiri aliyeniambia habari za vyumba vilivyonyonywa hewa hakuwahi kufikiria nyumba ya udongo.

Sasa mitungi. Cavendish alitumia mipira miwili ya risasi ya karibu kilo 158 kila mmoja. Sina risasi hiyo, na kuyeyusha risasi ya betri za gari ni sumu, tafadhali usithubutu na watoto karibu. Lakini mtungi wa lita ishirini uliojaa una kilo ishirini za maji, na maji sumaku haiyashughulikii kwa kiasi cha kutusumbua. Nilipanga mitungi minne mikuukuu, miwili kila upande wa sanduku, imegusana ubavu kwa ubavu, katikati ya kila mtungi ikiwa mkabala na chubwi. Nikijaza miwili iliyo kimshazari, kijiti kinavutwa kuzunguka upande mmoja. Nikiimwaga na kujaza ile mingine, kinavutwa upande wa pili. Mitungi ni plastiki pia, kwa hiyo niliivalisha foili na kuiunganisha na ardhi.

Ujanja ninaojivunia ni huu: sikuwa na haja ya kuingia chumbani. Fundi wa mabomba alifunga kila mtungi mpira mmoja wa kujaza juu na mmoja wa kumwaga chini, yote ikipita ukutani. Maji yalikaa kwenye pipa ndani ya nyumba hiyo hiyo tangu jana yake, yawe na joto sawa na chumba. Leza ilipita mlangoni hadi ukuta wa sebule, karibu mita tano, nilikobandika karatasi ya grafu. Cavendish naye alisoma mizani yake kwa darubini kutoka nje ya chumba, akisogeza risasi kwa kamba na kapi.

Mjomba alikuja na kiti chake.

"Kwa hiyo mpwa wangu, maji haya yanaivuta hiyo risasi bila kuigusa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na mimi je?"

"Nawe pia unaivuta. Ndiyo maana nakuomba ukae hapa sebuleni."

Alikaa bila kusogea, mikono magotini, saa nzima.

Usisubiri nukta itulie, utakesha. Kijiti changu kilichukua kama dakika tano kwenda na kurudi, na hakikukoma. Andika pale nukta inapogeukia kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, halafu tafuta katikati yake. Cavendish alifanya hivyo hivyo. Usiku ulipokuwa umetulia nilikuwa na katikati ya kwanza. Nikafungua bomba za kumwaga, tukasikia maji yakitoka nje, nikajaza mitungi ya pili. Katikati mpya ikaja kando ya ile ya kwanza kwa karibu sentimita moja. Nikarudisha maji kwenye mitungi ya mwanzo, ikarudi ilikotoka. Nikabadilisha tena, ikahama tena. Mjomba ndiye aliyekuwa akitia alama za penseli kufikia hapo, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Hesabu ni ya subira tu. Mtungi hauwezi kuchukuliwa kuwa nukta moja kwa umbali mdogo namna ile; niliugawa katika vipande kwenye kompyuta na kujumlisha mvuto wa kila kipande, pamoja na kuondoa ule unaoivuta chubwi ya mbali. Nilipata thamani ya G, namba inayoeleza ukubwa wa mvutano kati ya vitu vyovyote viwili, iliyo pungufu kidogo ya ile ya vitabuni, 6.67 mara kumi kwa kipeo cha hasi kumi na moja, na upungufu wangu haukufika moja ya kumi. Cavendish alitangaza msongamano wa dunia kuwa mara 5.48 ya maji, na leo tunajua ni kama 5.51. Maabara kubwa za dunia, pamoja na vyombo vyao vyote, bado zinatofautiana kuanzia tarakimu ya nne ya G. Kwa hiyo nasimama na namba yangu bila aibu.

Wanafunzi walipoona karatasi ile yenye alama za penseli, swali la kwanza lilikuwa kama Kit Mikayi, jiwe kubwa la hapa kwetu, linavuta timazi ya mwashi aliye karibu nalo. Linavuta. Mwaka 1774 mwanafalaki Nevil Maskelyne aliipima timazi ikivutwa na mlima Schiehallion kule Scotland. Jiwe letu ni dogo mno kuliko mlima huo, kwa hiyo mwashi asihofie ukuta wake.

Swali la pili ndilo ninaloulizwa na kila mtu: kwa nini usijaze mchanga, ni mzito kuliko maji? Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe kwenye mchanga wa mto. Itatoka na ndevu za punje nyeusi zilizong'ang'ania, na hizo ni madini yenye chuma. Ukitaka kitu kizito kuliko maji, tumia chumvi ya mawe iliyoyeyushwa hadi maji yasipokee zaidi. Inaongeza uzito kwa karibu sehemu moja ya tano, na muhula ujao kidato cha tatu wataijaribu kwenye mitungi hiyo hiyo.